Gusa ukuta kwanza: kutoka chokaa ya Mji wa Kale hadi fleti za Kisauni

Wanangu, leo twaongea kuta. Najua kuta hazina mvuto wa mpira wala wa siasa, lakini nipeni dakika kumi tu, kwa sababu wengi wenu mwalala kati ya kuta nne ambazo hamjawahi kuziuliza swali hata moja.

Pita Kisauni siku hizi. Barsheba, Bombolulu, Mshomoroni, Mtopanga, kila kona kuna ghorofa linapanda. Vuka feri uende Likoni, ni hivyo hivyo. Changamwe usiseme. Mtindo ni mmoja: maduka chini, fleti juu, rangi ya kijivu na nyeupe, madirisha ya alumini yenye vioo vya bluu. Likifunguliwa lapendeza, watu wapiga picha. Subiri masika mawili yapite. Rangi yaanza kujikunja, ukuta watoa unga mweupe wa chumvi, pembe za silingi zaota ukungu mweusi, na chini ya balkoni saruji yabanduka hadi waona chuma chekundu kwa kutu. Halafu mwenye nyumba aleta fundi wa rangi. Rangi mpya, kodi mpya, ukungu ule ule.

Hiyo sehemu ya nyumba inayokutana na jua, mvua na upepo, yaani paa, kuta za nje, madirisha, balkoni na viungo vyote vinavyoziunganisha, mimi naiita ngozi ya nyumba. Kuna nchi ambazo divelopa anayetaka kujenga fleti huajiri mtu wa kazi hiyo peke yake. Msanifu achora, mhandisi apiga hesabu za nguzo, na huyu mtu wa tatu auliza maswali ya kuudhi: maji yakiingia hapa yatatokea wapi? Joto la mchana litaenda wapi usiku? Moto ukianza dukani utapandaje juu? Anauliza kabla jiwe la kwanza halijawekwa, na anarudi saiti kukagua.

Huku bara ya Mombasa kazi hiyo mara nyingi aachiwa fundi wa rangi, tena mwisho kabisa, pesa zikiwa zimeisha. Watu wanasema ni kwa sababu sisi bado tuko nyuma. Mimi nasema historia inakataa. Pwani hii ilikuwa na utaalamu wa ngozi ya nyumba kabla ya Mreno kufika. Swali ni nani alikuwa anaupata, na kwa nini wengine wakaukosa.

Turudi 1331

Mwaka huo Ibn Battuta, msafiri kutoka Tangier, alipita Mombasa. Katika alichosimulia kuhusu mji wetu, alitaja kwamba misikiti ilikuwa ya mbao, na imejengwa kwa ustadi mkubwa. Mbao, siyo mawe. Sisi tumezoea kufikiri kwamba "Mswahili wa zamani" maana yake ni nyumba ya mawe na mlango wa nakshi. Kumbe mji ulikuwa na ngozi zaidi ya moja kwa wakati mmoja.

Jiwe nalo lilikuwepo pwani. Nenda Jumba la Mtwana pale Mtwapa, ni matatu moja tu kutoka Bamburi, uone kuta za karne ya 14 na 15 zimesimama bila saruji hata kijiko. Walijenga kwa mawe ya matumbawe. Yako ya aina mbili. Kuna jiwe gumu la nchi kavu, lile la timbo, ambalo ndilo mwili wa ukuta. Na kuna tumbawe laini linalokatwa baharini likiwa bichi, rahisi kuchonga, likikauka lawa gumu. Hilo ndilo la fremu za milango, vidaka na nakshi.

Kinachoshikilia yote ni chokaa. Matumbawe yanapangwa juu ya tanuri la kuni, yanachomwa, kisha yanazimuliwa kwa maji na kuachwa yaive. Chokaa iliyokaa muda mrefu ndiyo nzuri. Ndani ya ukuta inafunga polepole, na hata ikishafunga ina vitundu vidogo vidogo. Ukuta wa tumbawe wanywa maji ya mvua, ndiyo, lakini jua likitoka yale maji yarudi nje kupitia plasta ya chokaa. Ukuta wapumua. Mafundi wale hawakujaribu kuzuia unyevu kabisa, maana kwenye kisiwa hilo haliwezekani. Waliupa njia ya kutokea.

Ongeza unene: kuta za nusu mita hivi, zachelewa kupata moto mchana. Ongeza mikoko: boriti za dari zilikuwa za urefu wa mita mbili na nusu hadi tatu, kwa hivyo vyumba vikawa vyembamba na virefu, na nyumba ikapangwa kuzunguka ua wa ndani ambapo hewa yapanda. Baadaye, karne ya 19, Mji wa Kale ukapata roshani za mbao zenye mianya, mkono wa Kihindi ukichanganyika na wa Kiswahili. Mwanamke akaa juu, aona njia, haonekani, na upepo wapita. Chini ni duka. Ndiyo, maduka chini na watu juu. Hiyo mnayouziwa leo kama mtindo mpya wa maisha, Ndia Kuu iliijua kabla babu yako hajazaliwa.

Sasa msiniletee mapenzi ya zamani. Nyumba ya mawe ilikuwa ya waungwana, wenye majahazi na wenye watumwa. Waliochoma chokaa na kubeba mawe hawakulala humo. Wengi walilala kwenye udongo na makuti. Utaalamu ulikuwepo, lakini ulifuata pesa.

Moto wa 1505

Agosti 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuvamia mji na kuuchoma. Maelezo ya wakati huo yanasema nyumba nyingi za mawe zilikuwa na vibanda vya mbao na makuti vilivyoegemezwa kwenye kuta zake, vingine vya mifugo. Moto ulishika makuti, ukaruka kutoka kibanda hadi kibanda, nyumba za mawe zikaungua pamoja nayo. Jiwe haliwaki. Kilichoegemezwa juu ya jiwe ndicho kilichowaka.

Ukidhani hiyo ni hadithi ya kale, nenda London, 14 Juni 2017. Jengo la Grenfell Tower, ghorofa 24, la saruji. Kabla ya hapo walilivisha koti jipya la nje la paneli za alumini zenye plastiki katikati, lipate joto na lipendeze. Moto ulianza kwenye friji ya jikoni, ukatoka dirishani, ukashika lile koti na kupanda jengo zima. Watu 72 walikufa. Saruji haikuwaka. Ngozi ndiyo iliyowaka.

Naona Mombasa tayari majengo yavishwa paneli za kung'aa mbele ili yafanane na Dubai. Sisemi zote ni mbaya, zipo zisizoshika moto. Nauliza tu: ni nani aliyekagua katikati yake kuna nini? Na kama chini ni duka la mitungi ya gesi na juu ni familia kumi, hilo swali si la urembo.

Nyumba bila ardhi

Hapa ndipo stori inapohamia kwetu bara, na ndipo inapouma.

Mwaka 1908 serikali ya Waingereza ilitoa sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa pwani. Mwenye madai alete ushahidi, asajiliwe. Wachache waliojua njia za ofisi walisajiliwa. Wengi, hasa Wamijikenda ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na haina karatasi, walijikuta wapangaji au maskwota kwenye makaburi ya babu zao. Likoni, Kisauni na Changamwe zilikatwa kwa mtindo huo.

Kukazaliwa kitu ambacho watu wa nje hawakielewi: nyumba bila ardhi. Ardhi ni ya mwingine, wewe walipa kodi ya kiwanja, nyumba ni yako. Mwenye ardhi akitaka shamba lake, wewe wabeba chako. Sasa fikiria wewe ndiye fundi. Utajenga kuta za nusu mita kwa chokaa kwenye ardhi ambayo waweza kufukuzwa? Thubutu. Utajenga kitu chepesi. Fito na udongo, paa la makuti, baadaye madebe yaliyokunjuliwa na mabati. Ndiyo ile nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele, ua nyuma.

Na bado, ngozi yake ilikuwa na akili. Paa limeshuka chini kuzidi ukuta, mvua haigusi udongo. Baraza yapa mlango kivuli. Makuti hayahifadhi joto, na moshi wa jikoni wapita katikati yake ukifukuza wadudu. Udhaifu wake ni moto, na kwamba kila baada ya miaka michache lazima uezeke upya. Ukaja mabati. Hayaozi haraka na hayashiki moto kama makuti, lakini saa nane mchana bila silingi ni tanuri la mkate. Watu hawakuchagua joto kwa kupenda. Walichagua kitu unachoweza kukifungua misumari na kuondoka nacho.

Kwa hivyo nikiona ukuta mwembamba Likoni, sioni uvivu. Naona hati iliyokosekana. Shamba la Waitiki, ekari 930 hapo Likoni, limegombaniwa miaka mingi mpaka serikali ikalinunua na hati zikaanza kutolewa Januari 2016. Mtu akishapata karatasi, mara nyingi cha kwanza anachoanza ni kubadilisha ukuta. Udongo wang'oka, jiwe la timbo laingia.

Upande wa wafanyakazi ni vile vile. Makuli wa bandari waligoma 1939, na tume iliyoundwa baada ya hapo ikaandika kuhusu hali mbaya ya makazi yao. Wakagoma tena Januari 1947, mji mzima ukasimama. Baadaye mitaa ya serikali ilijengwa, Changamwe ikiwemo, karibu na reli na viwanda. Nyumba za watu wa mshahara, zilizoamuliwa na watu ambao hawangelala humo.

Saruji yabadilisha kila kitu

Mwaka 1954 kiwanda cha Bamburi kilianza kutoa saruji, kikichimba mwamba ule ule wa matumbawe ya kale. Watu wengi wanajua Haller Park ina kiboko na kobe. Wachache wanakumbuka kwamba bustani ile ni shimo ambalo Mombasa ilichimbwa kutoka humo.

Saruji ilikuwa ukombozi, tusidanganyane. Yashika haraka, yabeba ghorofa, haihitaji kuiva kwa miezi. Lakini mafundi wa saruji hawakurithi maarifa ya chokaa. Tukachukua jiwe la timbo, ambalo lanywa maji kama sponji, tukalipaka plasta ngumu ya saruji na rangi ya plastiki. Maji yanapanda kutoka chini, au yaingia kwenye ufa mdogo, halafu hayana pa kutokea. Yanabeba chumvi hadi chini ya rangi, yakauka, chumvi yavimba, rangi yabanduka. Hata kwenye nyumba za Mji wa Kale, ukitaka kuua ukuta wa chokaa polepole, mpake saruji.

Adui wa pili ni chuma. Zege lina vyuma ndani, na hewa yetu ina chumvi mwaka mzima, iwe kusi au kaskazi. Chumvi ikipenya hadi kwenye chuma, chapata kutu, na kutu yachukua nafasi kubwa zaidi kuliko chuma chenyewe. Yasukuma, zege lapasuka, maji zaidi yaingia. Kinga ni rahisi kuitaja: zege zuri lililoshindiliwa, chuma kifunikwe kwa unene wa kutosha, mchanga usiwe wa baharini ambao haujaoshwa, na maji ya kuchanganyia yasiwe ya kisima cha chumvi. Sasa wajua Kisauni visima vyetu vilivyo. Nenda saiti uliza maji yanatoka wapi, uone utakavyoangaliwa.

Adui wa tatu ni jua. Paa la slabu tupu lala juani saa kumi na mbili, likameza joto, halafu usiku lakutemea wewe. Ndiyo maana chumba cha ghorofa ya mwisho saa tano usiku ni moto kuliko nje. Nimeishi kwenye moja, feni ilikuwa yapuliza supu. Mwenye nyumba yeye alikuwa mbali, na bili ya stima ilikuwa yetu.

Kanada walilia kabla yetu

Msidhani matajiri hawafanyi ujinga huu. Vancouver, miaka ya 1980 na 1990, walijenga fleti kwa maelfu wakiiga mtindo wa nchi za jua: kuta laini za plasta, paa lisilotokeza nje, balkoni nyingi. Picha ilipendeza. Lakini Vancouver kwanyesha. Maji yaliingia kwenye viungo vya madirisha na balkoni, yakashindwa kutoka, mbao za ndani zikaoza. Watu waliotumia akiba yao yote kununua fleti wakaletewa bili za kuvua jengo zima na kulivisha upya. Mwaka 1998 serikali ya jimbo iliunda tume chini ya Dave Barrett, aliyekuwa waziri mkuu wa jimbo, kuchunguza. Baada ya balaa lile, mshauri wa ngozi ya jengo akawa mtu ambaye kule huwezi kumruka kwenye mradi wa fleti.

Walichokosea ni kuvaa ngozi ya hali ya hewa ya watu wengine. Sasa tazama sisi. Ramani imechorwa kwa baridi ya Nairobi, ukuta mzima wa kioo kama Dubai ambako kiyoyozi hakizimwi, yaletwa Likoni ambako stima yakatika. Madirisha ya kuteleza yafunguka nusu tu. Kivuli juu ya dirisha hakuna, maana kivuli ni saruji na saruji ni pesa.

Kwa nini yarudiwa

Kenya ilikaa na kanuni za ujenzi za 1968, zenye mizizi ya Uingereza, kwa zaidi ya nusu karne. Kanuni mpya za 2024 zilianza kutumika Machi 2025. Katikati hapo Huruma, Nairobi, jengo lilianguka Aprili 2016 usiku wa mvua na kuua watu karibu hamsini. Na sisi hapa Mtopanga, 2025, ghorofa lilionekana linakaa vibaya, watu wakahamishwa, likaangushwa. Kila mara twashtuka jengo likianguka. Nguzo ikivunjika ni habari. Ngozi ikioza ni "maisha ya kawaida". Lakini ngozi ndiyo inayomlipisha mama stima ya feni tatu, inayomlaza mtoto mwenye pumu kwenye ukungu, na inayopeleka maji hadi kwenye chuma cha hiyo nguzo.

Ukipanga historia yote mstari mmoja, sheria ni moja. Ukuta mzuri umejengwa pale ambapo anayelipa ndiye atakayelala ndani na ana uhakika wa kubaki. Mwungwana wa Mji wa Kale alilala ndani. Skwota wa 1920 alilala ndani lakini hakuwa na uhakika. Divelopa wa leo ana uhakika, ana hati, lakini halali ndani. Akishauza au akishapangisha, ukungu ni wako. Ndiyo maana hataki kumlipa mtu wa kuuliza maswali ya kuudhi. Haumwi yeye.

Kwa hivyo kusubiri wema wake ni kupoteza wakati. Wanaojenga kwa pesa zetu, na nyumba za bei nafuu tunazikatwa asilimia 1.5 ya mshahara, wawekewe sharti: kabla ya kibali, mchoro wa ngozi ukaguliwe na mtu asiye wa divelopa. Kabla ya kukabidhi, madirisha na paa yamwagiwe maji na ijulikane yavuja wapi. Haya si mambo ya roketi. Ni bomba la maji, nusu siku na mtu mkweli.

Na wewe unayetafuta nyumba, usiende kuangalia wikendi ya jua. Nenda siku ya mvua. Gusa ukuta wa nje chini karibu na sakafu, ukibaki na unga mweupe mkononi, ushajibiwa. Panda ghorofa ya mwisho saa kumi jioni uweke kiganja kwenye silingi. Simama balkoni uone maji yaelekea nje au mlangoni kwako. Tazama chini ya slabu kama kuna alama za kutu. Uliza dirisha lafunguka kiasi gani na kama upepo una pa kutokea upande wa pili. Kama mwanunua, uliza ni nani aliyekagua paa, na jina lake liandikwe.

Wataangalia kama mwehu, hiyo najua. Mafundi wa chokaa nao walikuwa wauliza maswali haya haya, na kuta zao bado ziko Mtwapa, miaka mia sita baadaye, bila rangi mpya.

Mtumie hii mshkaji yeyote anayelipa deposti mwezi huu.